Mwenye Kwenda Himalaya Na Ahesabu Siku

Wanaonijia kutaka shauri juu ya safari ya Himalaya huniuliza kwanza habari ya viatu, kisha habari ya makoti, kisha hunionyesha picha ya mfuko wa kulalia waliokwisha kuuagiza Dubai kwa fedha nyingi. Na nikisha kuwajibu hayo yote kwa kadiri ya maarifa yangu, nami nikawauliza wametenga siku ngapi baina ya kushuka kiwanja cha ndege cha Lukla na kurudi hapo, aghalabu hunyamaza, au hunitajia hesabu iliyokatwa kwa kipimo cha likizo ya ofisini, isiyo na habari na mwili wa binadamu. Rai yangu, ambayo naiandika hapa kwa kuwa nimechoka kuisema kwa mmoja mmoja, ni kwamba siku ndizo chombo cha kwanza cha safari ile, na kwamba mtu aliyenunua kila kitu akazifanyia siku ubahili ameacha nyumbani kitu cha pekee ambacho hakiuzwi katika maduka ya Thamel mjini Kathmandu wala hakikodishwi Namche.

Watu hawa wanazidi kuwa wengi, na sababu yake ni ya kheri. Wilfred Moshi, kiongozi wa wapanda Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest mwaka 2012. James Kagambi wa Kenya alifika mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Na tangu hapo Himalaya imetoka katika vitabu vya jografia ikaingia katika mazungumzo ya barazani. Tumepata na huzuni pia, maana mwezi wa Mei 2024 Cheruiyot Kirui, aliyekuwa akijaribu kupanda bila ya mitungi ya oksijeni, alifariki karibu na kilele, na Nawang Sherpa aliyefuatana naye hakurudi, Mungu awape subira jamaa zao wote wawili. Lakini kilele ni shughuli ya wachache waliojitoa kwayo. Ninaowasemea hapa ni wale wanaotaka kutembea kwa miguu katika bonde la Khumbu hadi kambi ya chini ya Everest, mita 5,364 juu ya bahari, wasishike kamba wala shoka la barafu, wakilala kila usiku katika nyumba yenye kitanda na chai ya moto. Nao hudhani kwamba, maadamu hawapandi kilele, hawamo hatarini.

Mwaka 1953, Hillary na Tenzing na wenzao walipokwenda kuupanda mlima ule, msafara wao uliondoka bonde la Kathmandu mwezi wa Machi, ukapanda vilima na kuvuka mito kwa majuma mawili na zaidi kabla ya kuifika nyumba ya watawa ya Tengboche, kisha wakakaa majuma mengine wakipanda na kushuka milima midogo ya jirani ili miili ipate kuizoea hewa. Hawakuwa na njia nyingine, na kukosa njia huko kulikuwa neema wasiyoijua. Mwaka 1964 Hillary huyo huyo, kwa nia njema ya kupeleka vifaa vya kuwajengea Masherpa hospitali, alisimamia kujengwa kwa kiwanja cha Lukla, uwanja wenye urefu wa mita 527 tu, uliolala kwa mteremko juu ya ukingo wa bonde, mwinuko wake mita 2,800 na kitu. Na kutoka hapo mwendo wa majuma ukawa wa nusu saa hivi. Watu waliokuwa wakifika Khumbu na miili iliyokwisha kufundwa na njia wakawa sasa wanateremshwa pale asubuhi, na hewa ya bondeni ingali vifuani mwao.

Matokeo yake hayakukawia kuonekana. Mwaka 1973 iliundwa jumuiya ya matabibu na waokozi, Himalayan Rescue Association, ikaweka kituo katika kijiji cha Pheriche, na ni hapo ambapo daktari Peter Hackett na wenzake waliwachunguza wasafiri 278 ambao miili yao haijazoea mwinuko, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1976. Waliona kuwa wasafiri 53 katika kila mia walikuwa na ugonjwa wa mwinuko, na kwamba ugonjwa ulizidi kwa vijana, na kwa waliokuja na ndege hadi Lukla, na kwa waliopanda mbio, na kwa waliolala siku chache njiani. Uzito wa mzigo haukuwa na athari, wala mtu hakukingwa na kule kuwa amewahi kufika juu siku za nyuma. Msomaji na ayasome tena maneno hayo, hasa kama ni kijana anayekimbia ufuoni kila alfajiri na kujiona amekwisha kujitayarisha. Mbio zake zina faida, maana zitampunguzia maumivu ya magoti na zitamfanya afurahie njia. Lakini hazimkingi na ugonjwa huu hata kidogo, bali huenda zikamdhuru, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye anayeweza kuupita upeo wa mwili wake kabla mwili haujapata wasaa wa kumwonya.

Sababu yake si fumbo. Hewa ya kambi ile ina fungu lile lile la oksijeni, 21 katika mia, lililomo katika hewa ya ufuo wa Bagamoyo. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, ambao ukifika mita 5,500 huwa umebaki nusu, hata pumzi moja inayovutwa kule huleta damuni nusu ya kile ilichokuwa ikileta huku kwetu. Mwili, ukihisi upungufu huo, huanza kuvuta pumzi nyingi zaidi, lakini pumzi nyingi huifanya damu ipoteze tindikali yake, na damu ikipoteza tindikali ubongo hukataza kupumua, hasa usingizini. Kwa hiyo figo hupewa kazi ya kuitoa damuni chumvi ya namna ya magadi ili mizani irudi sawa, na kazi hiyo ni ya siku kadhaa. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini kuongezeka kwa maana hasa ni kwa majuma. Katika mambo yote haya hakuna hata moja linalomtii mwenye mwili. Mtu aweza kuilazimisha miguu, figo hazilazimishwi.

Hapa ndipo jirani zangu wanaponikatiza kwa kunitajia Kilimanjaro. Husema kwamba Kibo una mita 5,895, ni mrefu kuliko kambi ya Everest kwa mita 500 na zaidi, na wao waliupanda kwa siku tano wakashuka salama, basi hofu ya nini? Fahari yao naishiriki, lakini hoja yao siikubali. Mwenye kupanda kwa njia ya Marangu hulala nusu ya usiku katika nyumba ya Kibo, mita 4,720, huamshwa usiku wa manane, hukanyaga kilele jua likichomoza, na jioni ile ile huwa yuko Horombo, mita 3,720, akila ugali. Yaani hukimbia kabla ugonjwa haujakamilisha kazi yake, na wengi waliotapika njia nzima ya Gilman's, ukingoni mwa Kibo, huhadithia matapishi yale kama nishani. Khumbu hakuna kukimbia namna hiyo. Mtu hukaa juu ya mita 4,000 kwa siku kama wiki, hulala huko, hula huko, na bonde lenyewe ni refu mno hata kushuka mita elfu moja kwaweza kutaka siku nzima. Na ajabu ni kwamba neno lile la viongozi wa Kilimanjaro, la kwenda polepole, ambalo wageni hulirudia kwa furaha na kulichapisha katika fulana, sisi wenye neno ndio tunaolisahau tukifika ugenini.

Kanuni ya matabibu ni nyepesi kuikumbuka: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kukaa pale pale. Sasa tazama njia inayouzwa katika ofisi karibu zote za Kathmandu. Namche, mji uliokaa kama nusu ya bakuli mlimani, ni mita 3,440, na hapo husimamwa siku moja, jambo jema, Tengboche ni takriban 3,860, Dingboche 4,410, ambapo husimamwa tena, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Mwenye kuhesabu ataona kwamba ratiba hiyo, ambayo husifiwa kwa kuwa ya hadhari, huivunja kanuni mara mbili, kutoka Tengboche kwenda Dingboche na kutoka Dingboche kwenda Lobuche, na hiyo ndiyo ratiba njema. Zipo fupi zaidi ya hiyo, zilizopunguzwa siku ya Namche au ya Dingboche ili bei ipendeze. Mimi humshauri mtu alale Pangboche kabla ya Dingboche, akae Namche siku mbili badala ya moja, na siku hizo za kukaa asizilalie kitandani, bali apande hadi Khumjung au juu zaidi kisha arudi kulala chini. Zaidi ya hapo aweke akiba ya siku kwa ajili ya Lukla yenyewe, maana ndege haziruki katika ukungu, na ukungu hauulizi mtu ana kikao Jumatatu.

Siku hizo nazo zina majira yake, na hapa mtu wa pwani ana haki ya kujua zaidi ya wengine, maana upepo wa kusi unaovuma mwambao wetu ndio huo huo unaovuka Bahari ya Hindi, ukajaa maji, ukayamwaga Bara Hindi na kuupiga mlima ule kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati huo njia huwa matope na ruba, na mawingu huificha milima yote. Kwa hiyo wasafiri hungoja kusi iishe, wakaenda Oktoba na Novemba, au wakatangulia mbele yake baina ya Machi na Mei, kama nahodha wa zamani aliyefungasha jahazi lake bandarini hata upepo wake ukawadia. Wala majira hayo mema si dhamana. Oktoba 2014, katikati ya msimu ulio bora kupita yote, mabaki ya tufani iliyoitwa Hudhud, iliyozaliwa Ghuba ya Bengal, yalifika Nepal ya kati na kumwaga theluji katika njia ya Annapurna, hasa karibu na kipito cha Thorong La, mita 5,416, wakafa watu 43 kwa uchache, wageni na wenyeji. Mwenye siku za akiba, akiona mbingu zimebadilika, aweza kubaki kando ya jiko akinywa chai. Asiye nazo hutoka, kwa kuwa tikiti yake ya ndege inamsukuma mgongoni.

Nisidhaniwe kuwa nawatisha watu wasiende. Nilikwenda, na nikipata uwezo nitakwenda tena. Jua likitua nyuma ya kuta zile za barafu baridi huja ghafla, wasafiri wote hujikusanya katika chumba kimoja kuzunguka jiko la chuma linalochochewa kwa mavi makavu ya yaki, na mtu wa Tanga hujikuta amekaa bega kwa bega na Mkorea na Mpolandi, kila mmoja na sahani yake ya wali na mchuzi wa adesi, chakula kisichomchosha mtu aliyelelewa kwa wali. Nyama niliiacha, kwa dini na kwa akili pia: katika bonde lile wenyeji, kwa imani yao ya Kibudha, hawachinji, na nyama inayouzwa juu huwa imepandishwa migongoni mwa watu kwa siku kadhaa kutoka chini. Supu ya kitunguu saumu husifiwa kila nyumba kuwa ni dawa ya mwinuko. Mimi naiona ni supu nzuri, basi. Maji ya kutawadha alfajiri huwa yameganda ndani ya ndoo, na ndipo nilipoifahamu hasa rehema iliyomo katika ruhusa ya kutayamamu. Kibla kule ni magharibi karibu kabisa. Na mawe yaliyochongwa maneno ya dua za wenyeji, yaliyopangwa kama kuta ndogo katikati ya njia, hupitwa kwa kuyaacha upande wa kulia. Ni adabu isiyomgharimu mgeni kitu, nayo huwapendeza wenyewe.

Usiku ndio mgumu. Mwenzio akilala utamsikia anapumua kwa nguvu, kisha kidogo kidogo, kisha hanyamazi tu bali hapumui kabisa, na wewe gizani unahesabu, hata ukataka kumtikisa, ndipo avute pumzi kubwa kama aliyetoka kuzama. Hiyo ni tabia ya mwinuko, si ugonjwa, na mtu akiijua huipuuza. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula ni ugonjwa mwepesi, na dawa yake ni kutopanda zaidi hata vipungue. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, akashindwa kutembea mstari mmoja kwa kugusisha kisigino na ncha ya mguu, ubongo wake umeanza kuvimba; na akikosa pumzi hali ameketi, akakohoa majimaji, mapafu yake yamo katika kuzama. Hao hawangoji asubuhi. Hushushwa saa ile ile, usiku au mchana, akiwako mtu wa kufuatana nao.

Kinachowaua wengi ni kuona haya. Vijana huficha kichwa kinachouma kama aibu ya ukoo, mmoja kwa kuwaogopa wenziwe waliomchangia nauli, mwingine kwa kuwa amekwisha kutangaza tarehe ya picha. Na ratiba fupi huigeuza haya hiyo kuwa hukumu, kwa sababu anayekiri kuumwa hana siku ya kupumzika isipokuwa awavunjie wote safari. Ongeza siku mbili tu, nawe utawaona watu wanasema ukweli.

Juu ya vidonge vya asetazolamaidi, ambavyo wengi huviita Diamox, nasema machache: vinasaidia figo kufanya kazi ile niliyoieleza, havifichi ugonjwa, vinamwashawasha mtu vidole na kumpeleka msalani mara nyingi, na mwenye kudhuriwa na dawa za salfa amwone tabibu kwanza. Lakini liko jambo ambalo vitabu vya safari vya Ulaya hulipita mbio nasi hatuna ruhusa ya kulipita, nalo ni selimundu. Mgonjwa wa selimundu hapaswi kwenda mwinuko ule. Hata yule mwenye kuirithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, asiyepata kuugua maisha yake yote na pengine hajijui, wengu lake laweza kudhurika vibaya damu ikikosa oksijeni kule juu. Katika nchi zetu watu wa namna hiyo ni wengi. Kipimo chake ni cha damu tu, na mtu aliyepima kabla ya kununua viatu amefanya jambo la busara kuliko viatu.

Ufupi wa siku una dhuluma nyingine, nayo huwafikia wasio na sauti. Wengi wa wapagazi wa Khumbu si Masherpa waliorithi damu ya mwinuko kwa vizazi. Ni Warai, Watamang na wengineo wa mabonde ya chini, wenye mapafu kama yangu na yako, nao huugua kama sisi, ila wao huugua chini ya mzigo ulioning'inia kwa ukanda wa kipaji cha uso. Mgeni akiruka siku, mpagazi huiruka pamoja naye bila ya kuulizwa. Sisi tuliokwisha kuzoea kudai kwamba mpagazi wa Kilimanjaro asibebeshwe zaidi ya kilo 20 hatuna udhuru wa kunyamaza tukiwa upande wa mwajiri. Muuliza bei na aulize pia ujira wa mpagazi, bima yake, koti lake, na ni nani atakayemshusha akiugua. Ndege itokayo Doha kwenda Kathmandu hujaa vijana wa Kinepali wanaorudi kutoka kazi za Ghuba, na anayekubebea mfuko huenda ni ndugu wa yule aliyeketi karibu nawe angani.

Basi hukumu yangu ni hii. Asiyeweza kupata majuma mawili kamili baada ya Lukla, pamoja na siku kadhaa za akiba, asiende kambi ya Everest mwaka huu, wala asimruhusu mwuza safari kumfupishia. Nepal haijakosa njia nyingine: kutoka upande wa Pokhara, njia ya Ghorepani ni ya siku nne au tano, watu hulala chini ya mita 3,000, na kilima cha Poon Hill, ambapo huonekana Dhaulagiri na Annapurna, hakizidi mita 3,210.